Hezekiah Wambugu, Fundi Aliyeiacha Gia Ilie

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Hezekiah Wambugu atafunga kisanduku chake cha spana kwa mara ya mwisho katika karakana ya Ushirika wa Maziwa wa Itara. Atakuwa ametutumikia kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye ovaroli ya kuazima. Anaondoka akiwa mzee mwembamba mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake.

Habari ya kustaafu kwake ilitushtua, ingawa haikuwa siri. Kuna watu ambao mtu huwahesabu pamoja na jengo, na hakuna anayefikiri kwamba ukuta una tarehe ya kuzaliwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Kihara, alipotangaza jambo hilo wakati wa chai, dereva wa pikapu, Ken, aliweka kikombe chini.

“Wacha mchezo. Heze ako na miaka ngapi?”

Akaambiwa sitini.

“Sitini gani? Huyu alikuwa na sitini nikizaliwa!”

Tulicheka, kisha macho yakaenda uani. Nadhani kila dereva pale alikuwa ameanza kufikiria gari lake.

Nimeombwa kuandika maneno haya kwa sababu stoo ya vipuri na karakana zinagawana ukuta mmoja, na kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikimpitishia Hezekiah vitu dirishani. Jina langu ni Wachuka. Nitaeleza kazi yake kadiri niwezavyo. Lakini kuna jambo moja ambalo karakana nzima imemcheka kwalo bila kujua sababu yake, na sitaki aondoke hapa likiwa bado ni kichekesho.

Hezekiah alizaliwa karibu na Karatina. Ufundi aliuanzia kando ya barabara, akishika taa wakati wengine wakifungua injini, kisha akaenda chuo cha ufundi akapata cheti. Alipoajiriwa, ushirika ulikuwa na lori moja na baiskeli kadhaa. Wanaomkumbuka siku ile wanasema hakugusa lori kwanza. Aliomba liwashwe, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Mlinzi akauliza kama fundi mpya anapiga simu. Hezekiah akasogeza bisibisi mara tatu, akafumbua macho na kusema kwamba lori lile lingefika Nyeri lakini halingerudi. Halikurudi.

Tangu hapo tulijua kwamba tumeajiri masikio. Mtu huyu hawezi kuvumilia kitu kinacholia bila sababu. Amewahi kusimamisha msafara wa harusi, si wa ndugu yake wala wa jirani, akaingia chini ya gari la bibi harusi akiwa na suti na kukaza nati iliyokuwa ikigonga. Kanisani kwao mlango wa pembeni ulikuwa ukipiga kelele kila mtu akichelewa. Jumapili moja watu walipofumba macho kwa maombi marefu, Hezekiah alitoka polepole, akapaka bawaba grisi aliyokuja nayo kwenye kopo la krimu ya mkewe, akarudi kukaa kabla ya amina. Mhubiri alilalamika baadaye kwamba sasa hajui tena nani anachelewa.

Mwaka ule wa ukame mkali lori letu lilipeleka nyasi kavu Doldol, nalo likakwama huko. Hezekiah alikwenda na spana zake ndani ya mfuko wa sukari. Kifaa alichohitaji hakikuwepo mahali popote karibu. Akawaomba wafanyabiashara wa mifugo kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakikata kwa kisu, akakiweka mahali oili ilipokuwa ikivuja, na lori likafika nyumbani. Wale wafanyabiashara walimpa mbuzi. Mbuzi alisafiri kiti cha mbele, kati yake na dereva, na kabla ya Nanyuki alikuwa ameshakula kofia ya dereva. Hezekiah alinunua kofia nyingine bila kubishana. Alisema mgeni akikosa, mwenyeji hulipa.

Mafundi wanne walioko karakanani leo wote wamepitia mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyeumia kazini wakati wake, na hilo analitaja kuliko gari lolote alilofufua. Huwaambia kwamba jeki si rafiki wa mtu, na kwamba gari likiwa juu mtu asiimbe.

Sasa nije kwenye pikapu.

Pikapu yetu ni Datsun ya miaka ya zamani, ndogo, ya samawati, na tunaiita Cucu, yaani nyanya, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu haitupi mtu. Inateremka kwenye vijia vya mashamba ya kahawa chini ya kilima cha Gakindu, ambako lori haliwezi kugeuka, na kupandisha maziwa ya wakulima wa kule. Miaka miwili iliyopita, ikipanda kutoka mtoni ikiwa na mitungi iliyojaa, gia boksi yake ilikatika meno ndani. Cucu alivutwa na trekta mpaka karakanani. Hezekiah alipofungua na kumwaga oili, vipande vya chuma vilidondoka kwenye karai kama njugu.

Kamati ilitaka Cucu auzwe kama chuma chakavu. Lakini wakulima wa chini ya kilima wangefanya nini? Wengine ni wazee. Ilibidi wabebe mitungi mgongoni mpaka barabara ya juu, na maziwa mengine yalifika yakiwa yameganda. Hezekiah alimwomba mwenyekiti ampe nafasi mpaka mvua ianze. Akatafuta gia boksi ya aina ile Nyeri mjini, akatafuta Karatina, akaenda Kutus. Hakuna. Mwishowe akampigia simu Khadar, muuzaji wa vipuri vya magari ya zamani kule Nanyuki. Alipiga akiwa kwenye dirisha langu kwa sababu mtandao unashika pale, na sauti ya Khadar tuliisikia sote.

“Mzee Heze, hiyo unatafuta ilizikwa zamani. Mimi niko na ya Sunny, ile gari ndogo. Ya gia tano.”

“Ya Sunny nitafanyia nini? Hii ni pikapu ya gia nne.”

“Sasa si nimekuongezea moja bure?”

“Khadar, usinicheze. Iko aje?”

“Iko sawa. Inalia kidogo tu.”

“Inalia?”

“Kidogo, mzee. Hata wewe ukibebeshwa hiyo milima yenu utalia.”

Ilikuja kwa gari la mizigo, ndani ya gunia, ikiwa na mkono wake wa gia na kila kitu, imejaa vumbi na oili nyeusi mpaka usingejua kipi ni chuma na kipi ni mpira. Wengi wetu tulishangaa. Kuweka gia boksi ya gari dogo la kubeba watu kwenye pikapu ya mizigo, tena ya gia tano palipokuwa na nne, tuliona ni kama kumvalisha mtu meno ya mwingine.

Kwa mbele haikuleta ubishi. Ilikaa kwenye injini na bolti zikaingia zote. Shida ilikuwa nyuma. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na chuma kinachoishikilia kutoka chini hakikufika mahali pake. Hezekiah alikata kile chuma na kukichomelea upya. Propela, ile nguzo inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu mno, akaipeleka Nyeri ikafupishwa na kunyooshwa. Tundu la mkono wa gia kwenye sakafu likawa mahali pasipofaa, akaziba lile la zamani na kutoboa jingine nyuma kidogo. Waya wa spidi ulikataa kabisa. Mpaka leo mshale wa spidi wa Cucu husoma mwendo wa gari jingine tusilolijua.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwenye gia boksi ya zamani, gia ya kwanza ilikuwa kushoto juu. Kwenye hii mpya, kushoto juu ni rivasi, na ya kwanza iko chini yake. Hezekiah alimweleza Ken hayo asubuhi ya majaribio, akamwonyesha kwa mkono, akamwambia arudie. Ken akarudia vizuri kabisa.

Lakini mkono una kumbukumbu zake. Kamati nzima ilikuja kuona, na ili waonekane kwenye picha pamoja na gari, walisimama nyuma yake. Mwenyekiti Kihara alikuwa na suti ya kijivu. Mitungi ilikuwa imepakiwa. Ken akakanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia kushoto juu kama alivyofanya miaka yote, akaachia kwa mbwembwe.

Cucu aliruka kinyumenyume. Sijawahi kuona wazee wakitawanyika vile. Mwenyekiti alijitupa ndani ya lundo la nyasi za nepia na kupotea. Mitungi miwili ilianguka, maziwa yakatiririka mpaka lango kuu, na mbwa wa Gakindu walipata habari kabla ya mbwa wetu. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeguswa. Halafu sauti ikatoka ndani ya nyasi.

“Hezekiah! Umefunga injini nyuma mbele?”

Ken naye alikuwa ameshatoka nje, mikono kichwani. “Mimi niliingiza ya kwanza! Haki ya Mungu niliingiza ya kwanza!”

Hezekiah alikwenda akazima gari. “Umeingiza ya kwanza ya gari lililokufa,” akamwambia. “Hii ni nyingine.”

Alichora mpangilio wa gia kwa rangi nyeupe mbele ya usukani, nao uko pale mpaka leo. Wiki ile yote Ken alikuwa akinyoosha kidole na kusoma ile michoro kabla ya kuondoka, kama mtoto anayesoma Zaburi.

Cucu akarudi kazini, na wakulima wa chini wakaacha kubeba mitungi mgongoni. Lakini Khadar hakuwa amesema uongo. Ikipanda kilima kwa gia ya pili, ile gia boksi ililia. Ilikuwa sauti nyembamba na ndefu, inayopanda pamoja na gari na kukatika ghafla dereva akibadilisha gia. Hezekiah alisikiliza kwa bisibisi yake, akasema ni beringi moja imechoka, akaagiza mpya. Ilipofika niliiweka rafuni. Alipanga kuifunga Jumamosi ya wiki ile.

Hapa namwomba msomaji anivumilie, maana ni lazima nimtaje mume wangu.

Gicheru alikuwa mfanyabiashara wa mchele na nyanya. Aliondoka nyumbani asubuhi kwenda Kutus na kurudi jioni kwa Sunny nyeupe aliyoipenda kuliko ilivyostahili. Nyumba yetu iko juu ya kona ya mwisho kabla ya kilele. Gari lilipofika konani lilianza kulia. Mimi nilikuwa jikoni, maji na majani ya chai yakichemka, na nikisikia ule mlio namimina maziwa. Likifika langoni, chai imeiva. Niliwahi kumwambia apeleke gari kwa fundi, akaniuliza, “Ikinyamaza utajua aje nimekaribia?” Kila siku alikuwa akisema atatengeneza kesho.

Miaka minne iliyopita, siku ya soko, moyo wake ulisimama akiwa Kutus. Hakuna aliyenipigia simu. Jioni nilisikia gari konani, nikamimina maziwa. Lilipofika langoni, aliyeshuka ni shemeji yangu Kinuthia, funguo mkononi. Nilikuwa nimeshamimina vikombe viwili.

Baada ya mazishi nilimwomba Kinuthia aliondoe lile gari uani nikiwa kazini, na asinieleze limekwenda wapi. Alifanya hivyo. Hakunieleza, nami sikuuliza.

Sasa mtaelewa. Siku chache baada ya Cucu kurudi kazini, Ken alipewa zamu ya jioni, na njia yake ikawa kupitia kwetu. Nilikuwa jikoni. Gari likafika konani likalia.

Mkono wangu ulimimina maziwa kabla sijafikiri lolote. Kisha nikasimama na sufuria tupu mkononi. Sauti ile haikuwa inafanana tu na ile ya gari letu. Ilikuwa yenyewe, na mahali ilipokatika ni pale pale. Nilitoka mpaka langoni nikiwa pekupeku. Pikapu ya samawati ikapita. Ken akanipungia mkono.

Asubuhi nilifika kazini mapema, nikaenda moja kwa moja alipoegeshwa Cucu. Ken alikuwa ameosha ndani, na ile ngozi inayofunika shina la mkono wa gia ilikuwa imeonyesha rangi yake, kahawia. Imeshonwa kwa uzi mwekundu. Kona moja imeshonwa mara mbili, kwa sababu sindano ilikatika hapo nikaanza upya. Ngozi ile ilikuwa mkoba wangu wa zamani. Uzi ulikuwa mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, na Gicheru alinicheka kwamba nimevisha gari lake soksi za Krismasi.

Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto. Hezekiah ndiye aliyenikuta.

“Mama Wangui!” Huniita hivyo kwa jina la binti yangu. “Ni nini? Ni pressure?”

Nikamwonyesha ngozi. Ilichukua muda kumweleza, maana nilikuwa nikianza katikati. Alipoelewa alivua kofia yake, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Yeye hakulijua lile gari. Anaishi upande wa Karatina, na fundi wa Gicheru alikuwa Kutus. Khadar aliuziwa na watu, nao waliuziwa na watu. Magari ya aina ile yamebaki machache sana huku kwetu.

“Nitaitoa leo,” akasema. “Nitatafuta ingine hata kama ni kufika Moyale.”

Nikamwambia hapana, wakulima watabeba mitungi tena.

Akakunja kofia. “Na sauti? Beringi iko kwako tayari. Jumamosi inanyamaza.”

Nilikuwa naangalia uzi.

Jumamosi alikuja dirishani, nikamkabidhi ile beringi ikiwa ndani ya karatasi yake. Aliishika kidogo, akaipima uzito mkononi, akanirudishia.

“Hii ikae kwanza,” akasema.

Ndugu zangu wa karakana, hicho ndicho kisa mlichokuwa mkikicheka. Kwa miaka miwili mmemwona mtu aliyetoka kwenye maombi kwenda kupaka bawaba grisi, akiacha gari lake mwenyewe lilie kilima kizima, na mkaona ni uzee. Ken, ulimwambia mbele ya watu, “Heze, hiyo gari inalia kama mtoto amenyimwa andazi, na wewe unapiga mluzi?” Madereva wa ushirika wa jirani waliuliza kama ameanza kuuza sikio moja. Kwenye mkutano wa mwaka mwenyekiti alimwuliza waziwazi kama masikio bado yanafanya kazi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Hezekiah alisimama na kujibu kwa adabu.

“Masikio yako sawa, mwenyekiti. Hiyo gia ndiyo haijamaliza.”

Watu wakaangua kicheko. Akakaa chini, akacheka nao.

Hakumwambia hata mtu mmoja, wala hakugeuka kuniangalia. Jina zuri la fundi ndilo shamba lake, naye alikubali mbuzi wa watu waingie humo. Wala hakuliacha gari bila ulinzi. Kila Ijumaa wengine wakinawa mikono, aliingia chini ya Cucu, akatoa oili kidogo, akaipitisha kwenye sumaku na kupangusa sumaku kwa kitambaa cheupe, akiangalia kama kuna unga wa chuma. Kikiwa safi, Cucu aliendelea kulia wiki nyingine. Mlidhani anavizia kumaliza siku bila kazi.

Na mimi, kila jioni ya zamu ya Ken, nilimimina maziwa. Sikuwa nimerukwa na akili. Nilijua ni Ken. Ilikuwa tu vizuri kujua wakati wa kumimina.

Mwezi uliopita Hezekiah alikuja dirishani bila kuagiza kitu. Akatandaza kile kitambaa juu ya kaunta. Kulikuwa na vijipande vidogo vinavyometa, kama magamba ya omena, wale samaki wadogo.

“Mama Wangui, zamani ilikuwa inalia tu. Sasa inaumia. Ikikamatika pale konani na mzigo, gari linasimama ghafla ama linarudi chini.” Akakunja kitambaa. “Ken ako na watoto wawili. Siwezi kumwachia hii, nikuwe nyumbani nalisha kuku.”

Nilipanda ngazi nikaiteremsha beringi kutoka rafu ya juu. Nikapangusa vumbi kwenye karatasi. Nilitaka kumpa, na vidole havikutaka kufunguka. Hezekiah hakunyoosha mkono. Alingoja, akiangalia ukutani.

“Kabla hujafungua,” nikasema, “ipitishe kwangu mara moja.”

“Leo,” akasema. “Bila mzigo. Mimi mwenyewe, polepole.”

Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani mapema. Nikateka maji, nikaweka majani, nikapanga vikombe viwili. Nikasimama jikoni nikiwa na maziwa mkononi, na hofu kama ya mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Gari likafika konani. Likalia. Nikamimina.

Lilipofika langoni halikupita. Liliingia. Mlango ukafunguka, mtu akashuka, akafuta viatu kwenye majani, akabisha hodi, akaingia akavua kofia. Chai ilikuwa imeiva wakati huo huo. Hezekiah alikunywa kikombe kimoja, akaongezewa cha pili, akaniambia ninaweka sukari nyingi kama mkewe, Mama Shiro. Tulizungumza habari za kuku wake na shule ya Wangui. Hatukutaja gia. Alipoondoka aligusa ile ngozi ya uzi mwekundu na kusema, “Hii haitoki. Beringi peke yake.” Kisha akateremka kwa gia ya tatu, ambayo haikuwahi kulia.

Siku iliyofuata alifungua gia boksi. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho hapa kwetu. Mtu aliyekuwapo aliniambia kwamba ile beringi ya zamani ilipotoka, kuta zake zilikuwa zimepasuka pande mbili, na kwamba Hezekiah alipoiona ilibidi akae chini kwenye ndoo.

Jioni ya kwanza baada ya hapo nilishtushwa na honi. Ken alikuwa ameshapita kona, ameshafika langoni, ananipungia mkono, na mimi sikusikia lolote. Nyuma yangu maji yalikuwa yamechemka mpaka yakapungua nusu. Nilirudi nikaongeza maji, nikamimina maziwa kwa wakati wangu mwenyewe. Chai haikuwa mbaya.

Hezekiah, kwa niaba ya Ushirika wa Maziwa wa Itara, asante kwa lori lililorudi kutoka Doldol, kwa mafundi wanne wenye vidole vyote kumi, na kwa wakulima wa chini ya Gakindu ambao migongo yao imepumzika. Asante kwa kucheka na waliokucheka. Mimi sikuwa na njia nyingine ya kulipa ila kuwaeleza.

Ushirika unakupa mtamba mwenye mimba, nasi tumehakikisha ni mpole na hapigi kelele. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, kuku wanaotaga, wajukuu wasiogusa spana zako, na usingizi usiokatizwa na injini ya mtu.

Siku ya Ijumaa, baada ya sherehe, Ken atampeleka nyumbani kwa Cucu, na mtamba atafuata kwa lori. Mama Shiro, tafadhali usingoje kusikia gari. Halilii tena. Weka maziwa mapema.

Wachuka, stoo ya vipuri